Mhandisi wa umeme aliyetufundisha kusukuma kifua

Mtu akipigwa shoti akaanguka, majirani hujaa mlangoni. Mmoja anatafuta maziwa, mwingine anachota mchanga, wa tatu anampigia simu kijana wa bodaboda ili mgonjwa awahishwe Ligula. Wote wana nia njema. Mgonjwa bado amelala pale pale, hapumui, na hakuna anayegusa kifua chake, kwa sababu wengi wanaamini umeme umeshaunguza moyo au umekausha damu, na kazi imekwisha.

Mara nyingi moyo huo haujaungua. Ni mzima, ila umepoteza mpangilio wake. Aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kulielewa jambo hili hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa umeme, Mmarekani aliyeitwa William Kouwenhoven, na kusukuma kifua kunakofundishwa leo kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza kulitoka katika maabara yake. Tunasimulia maisha yake kwa ajili ya mama na mlezi wa Mtwara, kuanzia mjini hadi Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, ambako umeme mara nyingi hufika kabla ya elimu yake.

Alikua pamoja na umeme

Kouwenhoven alizaliwa Januari 1886 huko Brooklyn, New York. Thomas Edison alikuwa amefungua kituo chake cha kuuza umeme jijini humo mwaka 1882, kwa hiyo mtoto huyu na umeme wa majumbani walikuwa karibu rika moja. Alikua akiona nyaya zikivutwa mtaa kwa mtaa na watu wakizizoea kidogo kidogo.

Hali hiyo si ngeni kwetu. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa Msimbati mwaka 1982, na tangu miaka ya 2000 imetumika kuzalisha umeme wa Mtwara. Lakini nyumba nyingi za vijijini zimeunganishwa juzi tu, kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, REA. Bibi aliyelea watoto wake kwa mwanga wa kibatari sasa analea wajukuu katika chumba chenye soketi ukutani. Kibatari alikijua: moto unaonekana, na mtoto akiukaribia anasikia joto na kurudi nyuma. Soketi haimwonyi mtoto kwa namna yoyote.

Kijana Kouwenhoven alisomea uhandisi hapo hapo Brooklyn, kisha akaenda Karlsruhe, Ujerumani, akapata shahada ya udaktari wa uhandisi mwaka 1913. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, na hapo ndipo alipokaa maisha yake yote ya kazi. Kuanzia mwaka 1938 hadi 1954 alikuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi. Kwa vyeo hivyo angeweza kumaliza maisha yake akifundisha habari za mota na transfoma, na leo tusingemjua.

Kilichombadilisha ni vifo vya mafundi. Kadiri nyaya zilivyoenea Marekani, ndivyo mafundi wa kupanda nguzo walivyozidi kufa kwa kupigwa na umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni za umeme zilitoa fedha ili watafiti wachunguze vifo hivyo, na Johns Hopkins ikawa mojawapo ya mahali palipopewa kazi hiyo. Kouwenhoven aliungana na Donald Hooker, mtaalamu wa utendaji wa mwili, na Orthello Langworthy, daktari wa mishipa ya fahamu. Fumbo lilikuwa hili: fundi mmoja alipigwa na umeme wa volti elfu nyingi, akaungua vibaya, lakini akaishi. Mwingine aligusa waya wenye umeme kama wa nyumbani, akafa bila alama kubwa mwilini.

Umeme ukiingia mwilini

Ili kuelewa walichokipata, inabidi kwanza tukubali jambo moja ambalo huwashangaza wengi: mwili wako unatumia umeme. Ni umeme mdogo sana, lakini ndio unaopeleka amri kutoka kwenye ubongo hadi kwenye misuli, na ndio unaouambia moyo lini ujikaze na lini ujilegeze. Mwitaliano Luigi Galvani alianza kuliona hili katika karne ya 18, miguu ya vyura waliokufa iliporuka ilipoguswa na umeme. Msuli hautambui kama amri imetoka kwa mwenyewe au kwenye waya. Ukipewa umeme, unajikaza.

Ndiyo sababu mtu aliyeshika waya haachii. Watu husema umeme umemvuta. Umeme haumvuti, umeifunga misuli ya mkono wake, na misuli inayofunga vidole ina nguvu kuliko inayovifungua. Anataka kuachia, lakini mkono haumsikii. Anaweza pia kushindwa kupiga kelele, kwa kuwa misuli ya kifua nayo imekakamaa. Mtoto akiwa kimya kupita kiasi karibu na waya, usidhani anacheza.

Kiasi cha umeme kinachofanya haya ni kidogo. Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230. Kinachodhuru mwili ni mkondo unaopita ndani yake, na mkondo huo hupimwa kwa miliampea, yaani sehemu ya elfu ya ampea moja. Miliampea 1 hivi huhisiwa kama mtekenyo. Mhandisi mwingine wa Marekani, Charles Dalziel, alipima watu waliojitolea akakuta kuwa wanawake kwa wastani hushindwa kuachia ukifika kama miliampea 10, na wanaume 16. Watoto hushikwa kwa kiasi kidogo zaidi. Ukipita kifuani mkondo wa miliampea 50 hadi 100 kwa muda mfupi tu, moyo unaweza kuvurugika. Sasa linganisha: balbu ya zamani ya wati 60 huvuta zaidi ya miliampea 250. Umeme unaowasha balbu moja unatosha kuua mtu mzima.

Kinachotukinga siku nyingi ni ngozi kavu, kwa sababu inauzuia umeme. Ngozi ikilowa, kinga hiyo karibu yote inaondoka, na maji ya chumvi ni mabaya kuliko maji ya kawaida. Fikiria mama aliyerudi kuchokoa pweza: kanga inachuruzika maji ya bahari, miguu ipo peku kwenye sakafu ya saruji, na anafungua friza ya kuhifadhia samaki ambayo waya wake umechubuka na kugusa bodi. Umeme unaingia mkononi, unapita kifuani, unatokea miguuni. Jana aliigusa friza hiyo hiyo akiwa mkavu na amevaa ndala, akasikia mtekenyo tu, akauzoea. Mtekenyo ule ulikuwa onyo. Kifaa kinachotekenya kizimwe, kichomolewe, na kisitumike mpaka fundi akitazame.

Sasa turudi Baltimore. Kundi la Kouwenhoven lilifanya majaribio kwa wanyama, hasa mbwa, na mbwa wengi walikufa. Halipendezi kulisimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Waliona kwamba umeme wa kiasi kama cha nyumbani mara nyingi hauzimi moyo moja kwa moja. Unauvuruga. Moyo wenye afya hujikaza kwa pamoja, kama waogeleshaji wa mtumbwi wanaopiga kafi kwa sauti moja. Ukivurugwa, kila nyuzi ya msuli inajikaza kwa wakati wake, moyo wote unabaki kutetemeka, na damu haisukumwi. Mtu anazimia baada ya sekunde chache. Umeme wa volti kubwa sana, kwa upande wake, wakati mwingine huukaza moyo wote kwa mkupuo, na ukiachia, moyo huweza kuanza upya wenyewe. Hapo ndipo fumbo la wale mafundi wawili lilipoanza kufunguka.

Kulikuwa na jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1899 watafiti wawili huko Geneva, Prevost na Battelli, walikuwa wameona kwamba moyo uliovurugwa na umeme unaweza kutulizwa kwa kupigwa umeme mara ya pili, wenye nguvu zaidi. Habari hiyo ilikaa miaka mingi bila kufuatiliwa. Kouwenhoven na wenzake waliithibitisha upya, wakaitangaza mwaka 1933. Mshtuko wa pili ulizinyamazisha nyuzi zote kwa pamoja, na moyo ukapata nafasi ya kuanza upya kwa mpangilio.

Mikono miwili

Vita vya Pili vya Dunia vilichelewesha kazi hiyo. Mwaka 1947 daktari wa upasuaji Claude Beck, huko Cleveland, alimrudisha mvulana wa miaka 14 ambaye moyo wake ulivurugika akiwa kwenye upasuaji, kwa kuushtua kwa umeme. Lakini kifua kilikuwa wazi na moyo ulikuwa mkononi mwa daktari. Fundi aliyening'inia kwenye nguzo hawezi kupasuliwa kifua pale juu. Kouwenhoven alitaka njia ya kufanya hivyo kifua kikiwa kimefungwa.

Alistaafu ukuu wa kitivo mwaka 1954, akiwa na miaka 68. Wengi katika umri huo hurudi nyumbani. Yeye alihamia idara ya upasuaji ya hospitali ya chuo hicho, iliyokuwa chini ya Alfred Blalock, mhandisi peke yake katikati ya madaktari, akaendelea na utafiti. Kufikia mwaka 1957 alikuwa na mashine ya kushtua moyo kupitia ngozi. Ilikuwa nzito mno, haibebeki mkononi.

Jambo kubwa kuliko mashine hiyo lilikuja bila kutafutwa, mwaka 1958. Mwanafunzi wake, Guy Knickerbocker, alikuwa akibonyeza vibao vya mashine kwenye kifua cha mbwa ambaye moyo wake umevurugika. Vibao vilikuwa vizito. Kabla hata ya kuwasha umeme, aliona kipimo cha shinikizo la damu kikipanda kidogo kila alipobonyeza. Wengine wangeona ni hitilafu ya kipimo. Yeye alikwenda kumwambia mwalimu wake, na pamoja na daktari kijana wa upasuaji, James Jude, wakaanza kujaribu: wabonyeze wapi, kwa nguvu kiasi gani, kwa mwendo upi. Waligundua kwamba kusukuma kifua kwa mikono tu kunakamua moyo na kupeleka damu kwenye ubongo. Haikuwa damu nyingi kama ya moyo mzima, lakini iliweza kumshikilia mgonjwa mpaka mashine ifike.

Muda si mrefu njia hiyo ilitumika hospitalini kwa binadamu, mmojawapo akiwa mwanamke ambaye moyo wake ulisimama kwa dawa ya usingizi. Alisukumwa kifua, akarudi, na upasuaji wake ukaendelea. Julai 1960 watatu hao, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walichapisha ripoti katika jarida la madaktari wa Marekani. Kati ya wagonjwa 20 waliohudumiwa, 14 walinusurika. Walieleza kwamba mtu yeyote, mahali popote, anaweza kuianza kazi hiyo, na kinachohitajika ni mikono miwili tu.

Ukimkuta mtu ameshikwa na umeme

Kabla ya mikono miwili kuna jambo moja ambalo Kouwenhoven kama mhandisi asingelisahau: kata umeme. Kimbilia swichi kuu au chomoa plagi. Usimguse mtu ambaye bado ameshika waya, hata kama ni mwanao. Tunajua ni neno gumu kumwambia mama. Lakini ukimgusa, umeme utapita na kwako, mtakuwa wagonjwa wawili, na hakutakuwa na wa kusukuma kifua.

Ukishindwa kukata umeme, simama juu ya kitu kikavu kama ubao, na umsukume mtu au waya kwa mti mkavu au mpini mkavu wa ufagio usio wa chuma. Kuti bichi halifai, lina maji. Kanga iliyolowa pia haifai. Na haya ni ya umeme wa ndani ya nyumba tu. Waya wa TANESCO ulioanguka barabarani au shambani hausogelewi, hata kwa mti mkavu. Kaa mbali, zaidi ya mita 10, zuia watoto na mifugo, na wapigie TANESCO. Namba ya ofisi yao ya karibu iwe tayari kwenye simu yako leo.

Umeme ukishakatwa, mwili wa mgonjwa hauna umeme. Haubaki ndani. Ni salama kumgusa, na hali ni hiyo hiyo kwa aliyepigwa na radi. Kwa sababu hiyo kumfukia mchangani ili umeme utoke, au kumwagia maji, hakuna kitu kinachoondoa. Maziwa yanaweza kumpalia, kwa kuwa mtu aliyezimia hawezi kumeza.

Muite kwa sauti, mtikise bega. Angalia kifua kwa sekunde zisizozidi 10. Kama anapumua vizuri, mlaze ubavu na ukae naye. Kama hapumui, au anakoroma na kuvuta hewa moja moja kama samaki aliyetolewa majini, huko si kupumua. Mtume mtu aite msaada na wewe uanze.

Mlaze chali juu ya kitu kigumu, sakafuni au chini, kitandani haifai. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, juu ya mfupa, na mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko, tumia uzito wa mwili wako, na usukume kifua kishuke sentimita 5 hadi 6. Acha kirudi juu, sukuma tena. Mwendo ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kila sekunde. Utachoka haraka kuliko unavyodhani, kwa hiyo badilishaneni kila baada ya dakika 2 bila kupoteza muda. Ubavu unaweza kulia au kuvunjika. Usiache kwa sababu hiyo.

Kwa mtoto mdogo tumia mkono mmoja, na kwa mtoto mchanga tumia vidole viwili, kifua kishuke kama theluthi moja ya unene wake. Kama umefundishwa kumpulizia mtu pumzi, kila baada ya kusukuma mara 30 mpulizie mara 2. Kwa mtoto pumzi hizo zina maana sana. Kwa mtu mzima, kama hujafundishwa, sukuma tu.

Hatutaki kukudanganya. Moyo unaotetemeka kwa kawaida huhitaji mashine ya kushtua, na mashine hiyo haipo kila kijijini. Lakini wapo waliopigwa shoti ambao kilichosimama ni pumzi peke yake, na moyo bado unapiga. Wapo ambao moyo ulisimama kisha ukaanza tena. Ukiwaangalia kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hadi 6 bila damu, na kutoka Msimbati hadi mjini hakuna gari linalofika kwa dakika hizo. Kwa hiyo usimpakie kwenye bodaboda mtu asiyepumua. Anza kusukuma pale alipo, gari litafutwe wakati unasukuma, na likifika, kama nafasi inaruhusu, mtu aendelee kusukuma humo ndani.

Baada ya shoti

Kouwenhoven aliendelea kwenda maabara akiwa mzee. Mwaka 1969, akiwa na miaka 83, shule ya udaktari ya Johns Hopkins ilimpa shahada ya heshima ya udaktari wa tiba, ya kwanza kuwahi kuitoa. Mwaka 1973 alipata tuzo ya Lasker pamoja na daktari Paul Zoll, na Novemba 1975 alifariki akiwa na miaka 89.

Kazi yake ilihusu zaidi moyo na pumzi. Yapo madhara mengine ya umeme ambayo hayaonekani siku ile ile, na haya humpata zaidi mama na mtoto. Jeraha la umeme mara nyingi ni dogo juu ya ngozi, kama doa jeupe au jeusi, huku njia yote uliyopita umeme, misuli na mishipa, imeungua ndani. Aliyepigwa shoti kali, aliyezimia hata kwa muda mfupi, mwenye kidonda pale umeme ulipoingia au ulipotokea, anayesikia moyo ukienda mbio, au anayekojoa mkojo wa rangi ya chai au kola, aende hospitali siku hiyo hiyo. Mkojo huo unaonyesha msuli umeharibika na figo zipo hatarini. Kidonda kipozwe kwa maji safi ya kawaida, kifunikwe kwa kitambaa safi, kisipakwe mafuta, dawa ya meno wala asali.

Mjamzito aliyepigwa shoti aende kliniki hata kama hajisikii vibaya. Umeme ukipita kutoka mkononi kwenda miguuni hupitia tumboni, na mapigo ya mtoto yanafaa kusikilizwa. Baadaye, kama mtoto amepunguza kucheza, au mama anaona damu au maji, arudi bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Kisha kuna mtoto anayetambaa. Kila kitu anakipeleka mdomoni, ikiwa ni pamoja na ncha ya ekstensheni na waya wa chaja uliobanduka. Umeme humuunguza pembe ya mdomo. Siku ya kwanza kidonda hakitoi damu nyingi, mama anatulia. Lakini kati ya siku ya 5 na wiki ya 2 hivi, gaga linapobanduka, mshipa wa damu ulio kwenye mdomo unaweza kufunguka ghafla, mara nyingine usiku, na mtoto mdogo hana damu nyingi ya kupoteza. Mtoto wa namna hii lazima aonwe na daktari tangu mwanzo. Damu ikianza, bana mdomo kwa vidole viwili, kitambaa safi kikiwa ndani na nje, usiachie, na mwende hospitali hivyo hivyo mkiwa mmebana.

Ndani ya nyumba, anza na sehemu za chini, pale macho ya mtoto yalipo. Ekstensheni isipite chini ya mkeka, kwa sababu huchubuka bila kuonekana. Chaja isiachwe kwenye soketi ncha yake ikining'inia. Hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo ichomolewe kabla mtu hajatia mkono kupima joto, hata kama swichi imezimwa. Mifumo ya sola nayo isidharauliwe. Betri ndogo ya taa haipigi shoti ya kuua, lakini kifaa kinachogeuza umeme huo kuwa wa volti 230 kinaweza kuua sawa na nguzo ya TANESCO.

Kazi ya kuvuta umeme mpe fundi mwenye leseni. Vishoka huchukua bei ndogo na kuacha nyumba bila waya wa ardhini. Muulize fundi kuhusu kifaa kinachokata umeme chenyewe ukivuja kwa miliampea 30. Hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, moyo ukiwa haujapata muda wa kuvurugika. Kina gharama, na kwa nyumba ya kulala na kula haraka haraka huenda kikaonekana anasa. Kwa nyumba yenye friza, watoto na sakafu ya kudekiwa kila siku, sisi tungekiweka mbele ya feni ya pili au redio kubwa.

Mwisho, toka nje utazame paa. Waya unaotoka kwenye nguzo ukisugua bati kwa upepo wa bahari, gamba lake huisha, na bati zima hupata umeme bila kuonekana. Hewa ya chumvi ya pwani hula pia maungio ya waya mapema kuliko bara. Kama kamba yako ya kuanikia ni ya waya wa chuma na imefungwa kwenye bati au kwenye kenchi, ifungue leo, uanike kwenye kamba ya nailoni au ya kumbi iliyofungwa mti kwa mti. Nguo mbichi mkononi, miguu peku kwenye mchanga uliolowa: mtu wa kwanza kugusa kamba hiyo asubuhi huwa ni mama.